Nilikwenda kupima mapafu nikiwa mzima, nikafokewa dirishani

Nimeendesha malori kati ya Tunduma na Dar es Salaam, na kwa miaka 28 nilivuta pakiti moja ya sigara kila siku, zaidi usiku tunapopandisha Kitonga. Niliacha baada ya mwenzangu wa safari kugundulika na saratani ya mapafu ikiwa imeshasambaa. Daktari wangu akanieleza kwamba mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 unamshauri mtu wa miaka 50 hadi 80, aliyevuta kama nilivyovuta mimi na hajatimiza miaka 15 tangu aache, apigwe kila mwaka CT ya kifua yenye mionzi kidogo, yaani picha nyingi za mapafu zinazounganishwa na kompyuta, hata kama haumwi popote. Akaniandikia karatasi.

Katika hospitali moja hapa Mbeya, binti wa mapokezi, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, hakunipa hata shikamoo. Aliniuliza naumwa nini, nikamjibu kwamba siumwi. Akayakata maneno ya daktari kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "eksirei, makohozi", kisha akasema kwa sauti iliyofika benchi la mwisho: "Mzee, hapa tunapima wagonjwa. Saratani ungeiogopa wakati unavuta." Akina mama waliobeba watoto mgongoni waligeuka wote kunitazama.

Sikuwa na kikohozi wala makohozi ya kupima. Eksirei nayo mara nyingi hukikosa kivimbe kikiwa bado kidogo, na ndiyo maana utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 ulikuta vifo vya saratani hiyo vimepungua kwa asilimia 20 kwa wavutaji waliopigwa CT, kuliko wale waliopigwa eksirei. Binti yule alikata hayo yote kwa mstari mmoja.

Niliapa kutokanyaga tena pale, ila daktari alipiga simu, nikarudi. Kijana wa mashine alinipokea kwa heshima: "Shikamoo baba, vuta pumzi, ibane." Haikufika hata dakika moja. Kilionekana kivimbe cha milimita 4 pafu la kulia; daktari akasema vingi vya ukubwa huo si saratani, nirudie baada ya mwaka.

Nilikusudia kuwaambia wavutaji wenzangu wasiende pale. Sasa nasema nendeni, maana kipimo ni kizuri na kijana yule anajua kazi yake. Lakini nikimfikiria mzee asiye na daktari wa kumpigia simu, aliyepewa eksirei akarudi Uyole akiamini kifua chake ni salama, hasira inanipanda upya. Karatasi yenye mstari mwekundu bado ninayo, na mwakani nitaibeba hadi dirishani.