Kreti ya "GEREJI" pale Kibuye, na santuri moja ya The Fall

Jumapili nilikuwa Kisumu kuchukua gia boksi ya Probox ya mteja wangu. Mwenye gia boksi akanipigia simu kwamba bado yuko kanisani, nisubiri hadi saa nane mchana. Nikapanda boda hadi Kibuye, maana Jumapili ndiyo siku ambayo soko lile hufurika, na nilikuwa nimesikia kitambo kwamba kuna mama anauza santuri huko ndani. Nimerudi Nakuru na santuri mbili, na nina mengi ya kusema kuhusu kibanda chake.

Ukiwapita wauza sufuria, ukawapita wa viatu vya mtumba, utasikia benga kabla hujaona kitu. Kuna meza mbili za mbao, paa la mabati na kreti za soda zilizojaa santuri zimesimamishwa wima. Huko kuzisimamisha ndiko kulikonifanya nimwamini mapema. Santuri zikilazwa moja juu ya nyingine kwenye joto la Kisumu, baada ya mwezi zimepinda kama sahani za supu. Mama huyu anazisimamisha, na kivuli kikisogea, naye anasogeza kreti. Kila santuri iliyopoteza jalada lake ameitilia bahasha ya kaki aliyoikata na kuigundisha kwa mkono wake. Aliniambia alianza hivyo mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017, na akaona kaki inameza unyevu kuliko plastiki ilivyokuwa.

Upande wa benga ni mali yake ya moyoni. Za D.O. Misiani na Shirati Jazz ana kreti nzima, na hazitozi bei moja. Iliyochakaa anakuambia imechakaa, anakuonyesha mkwaruzo kwa ncha ya ukucha kabla hujauliza. Alinipigia moja mpaka mwisho bila kuniharakisha, huku akiigongea meza kwa vidole pale gitaa linapobaki peke yake na besi na kuanza kukimbia.

"Mwanangu, hapo ndipo watu husimama," akasema.

Nikamwambia natoka Nakuru, ni fundi wa magari. Tangu hapo akaniita fundi.

Sasa upande wa pili, wa muziki wa ng'ambo. Hizo, alisema, zilitoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akihama Milimani akaziuza zote kwa mkupuo, na mtoto wa dada yake ndiye aliyezipanga. Kreti zimeandikwa kwa kalamu nene: REGE, KANTRI, SOLI, GEREJI. Nikainama kwenye ile ya mwisho, ya roki ya gereji, muziki mbichi wa gitaa wa bendi za vijana wa Kimarekani. Nikakuta Joy Division, bendi ya Uingereza, albamu yao ya 1979. Nikakuta Gang of Four wa Leeds, ya mwaka huohuo. Katikati yao kulikuwa na mkusanyiko wa bendi za Kimarekani za miaka ya 1960, na nyuma kabisa santuri ndogo ya The Fall, bendi nyingine ya Uingereza, ya mwaka 1986, "Mr. Pharmacist".

"Mama, hizi zote ni gereji kweli?"

"Mpwa wangu anasema zote zinapiga sauti ya mabati, fundi. Mimi roki siijui. Wewe sikiliza uniambie."

Mashine yake ya kuchezea inaendeshwa na betri ya gari. Nilipoitazama nikaona kichwa cha betri kimeota ule unga mweupe wa kijani, na hata kabla ya muziki nikaomba maji ya moto kwa mama wa chai wa jirani, nikakiosha na kukaza nati. Nikamwambia pia kwamba mkanda wa mota umelegea. Kisha akaweka ile ndogo ya The Fall, sindano ikashuka.

Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kukokota miguu. Besi ilikwenda kama lori lenye mzigo linapanda kutoka Ahero kuelekea Kericho, na mwimbaji alikuwa kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Nilisimama pale nikakubali moyoni: hii ni posti-panki ya giza, ile roki ya Waingereza iliyokuja baada ya panki, haina haja na kreti hii. Nikasikiliza karibu dakika nzima kabla jicho langu halijaanguka kwenye swichi. Ilikuwa kwenye 33, yaani mizunguko 33 kwa dakika. Santuri ndogo kama hiyo huchezwa kwa kasi ya 45. Nikasukuma swichi na wimbo ukaruka kama gari lililotolewa breki ya mkono: gitaa la akodi chache linalojirudia, ngoma za kukimbia, kinanda kinacholia kama kile cha bendi za vijana wa zamani, na katikati mwendo ukaongezeka maradufu. Yule mama akacheka kwa furaha, akapiga meza palepale alipoipigia benga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria swali la mpwa wake, na kwa kuwa nimesikiliza muziki huu kwa miaka mingi chini ya magari ya watu, nitasema ninavyoona.

Gereji ya Wamarekani si kama zetu. Kwetu gereji ni mahali pa kazi, pa oili na vyuma. Kwao ni chumba cha kulaza gari la baba, na vijana wa miaka ya 1960 walilitoa gari nje wakaingiza ngoma. Hawakuwa na pesa wala muda. The Kingsmen wa Portland walirekodi "Louie Louie" mwaka 1963, kipaza sauti kikiwa kimening'inizwa juu, mwimbaji akalazimika kuinua shingo na kupiga kelele. Maneno hayasikiki hata leo. Wazazi wakashuku kuna matusi humo, FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wakaingia kuchunguza, na mwishowe wakaishia kusema hayaeleweki. Hata jina lenyewe, roki ya gereji, lilishika baadaye, hasa baada ya Lenny Kaye, mpiga gitaa na mwandishi wa muziki, kukusanya nyimbo 27 za bendi za aina hiyo katika albamu "Nuggets" mwaka 1972, wakati bendi nyingi kati ya hizo zilikuwa zimeshavunjika.

Posti-panki ni habari ya Uingereza, miaka kumi na zaidi mbele. Panki, roki ya haraka na ya hasira, ililipuka 1976 na 1977, na Januari 1978 mwimbaji John Lydon aliondoka Sex Pistols, bendi ya panki iliyojulikana kuliko zote. Waliobaki na njaa wakaanza kuuliza gitaa linaweza kufanya nini kingine. Wengine waliazima besi ya rege, wengine fanki, wengine wakaacha nafasi tupu katikati ya wimbo na kuiona inafaa. Gang of Four ni hao. Gitaa lao linakatakata kama msumeno wa chuma na halitaki kukupa raha ya wimbo wa kuimbia barabarani. Nawapenda sana, lakini kreti ya gereji si yao, na kwa hili sina mjadala na mtu.

Joy Division ndio walionisumbua njia nzima ya kurudi. Albamu ile prodyuza wake ni Martin Hannett, katika studio ya Strawberry pale Stockport. Alimfanya mpiga ngoma Stephen Morris azirekodi ngoma zake kipande kwa kipande, kila moja peke yake, ili sauti isivuje kutoka moja hadi nyingine. Kisha akazipitisha kwenye mashine za mwangwi. Mimi nimewahi kufungua injini ya dizeli bolti kwa bolti, nikaipanga sakafuni, nikaifunga tena, na najua inavyokuwa: kila kipande unakisikia kikiingia mahali pake. Santuri ile ina sauti hiyo. Hakuna gereji ya baba inayoweza kuitoa. Lakini si wote katika bendi waliofurahia. Bernard Sumner wa gitaa na Peter Hook wa besi walilalamika kwamba Hannett aliwapoza, kwamba jukwaani wao walikuwa wakali na wa kelele. Ukisikiliza rekodi zao za jukwaani utakubaliana nao. Jukwaani wana mabati tele.

Basi swali limegawanyika mara mbili, na hapo ndipo naona mpwa wa mama alipokosea, na ndipo wengi hukosea. Ukiuliza kama bendi fulani ni ya gereji, unatafuta jibu moja kwa watu walioishi miaka mingi na kupiga kwa namna nyingi. Kreti haiwekwi watu. Kreti inawekwa santuri. Ile ya Joy Division ya 1979 itoke humo, hata kama vijana wenyewe siku hiyo walitamani kubaki.

The Fall ni mfano bora kuliko wote. Walianza 1976 pale Prestwich, kaskazini mwa Manchester, na mwimbaji wao Mark E. Smith, aliyekuwa karani bandarini Salford, akaiongoza bendi hadi alipofariki 2018, akibadilisha wapigaji kama mtu anayebadilisha plagi. Albamu yao ya kwanza waliirekodi kwa siku moja, Desemba 1978. Hilo ni tendo la gereji hata kama jina ni jingine. Kisha mwaka 1982 wakatoa albamu yenye wapiga ngoma wawili kwa pamoja, nyimbo ndefu zinazozunguka mpaka unasahau zilianzia wapi, na sehemu yake waliirekodi Iceland. Hiyo iweke posti-panki na usiondoe mkono. Halafu 1986 wakachukua "Mr. Pharmacist", wimbo wa bendi ya San Francisco iitwayo The Other Half uliotoka 1966, na wakaupiga karibu kama ulivyokuwa. Hawakuubomoa wala kuuliza maswali. Ni wimbo wa gereji uliopigwa na watu waliokuwa wakiupenda, ukiwa na uchafu wake wote.

Kwa hiyo, kijana, wewe mpwa wa yule mama, kama utasoma haya: ile ndogo uliipanga vizuri. Ziada ya hapo, kreti yako moja inahitaji kuwa mbili. Na sikulaumu sana, maana mwaka 2001 The Strokes wa New York walipotokea waliitwa gereji, mwaka uliofuata Interpol wa mji huohuo wakaitwa posti-panki iliyofufuka, na magazeti mengi yakawatia kapu moja kwa sababu wote walivaa suruali za kubana na gitaa zao zilisikika vizuri redioni.

Nimesema nilisikia benga na The Fall zikigongewa meza ileile. Sitaki kuongeza chumvi. Benga ina ukoo wake, ilitoka nyatiti na vidole vya Waluo, na Manchester haikuijua. Lakini yule mama hakuwa na jina la kreti kichwani. Aliposikia gitaa linarudiarudia na mwendo unapanda, mkono wake ulijua la kufanya, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini zaidi ya maandishi ya kalamu nene.

Bei sasa. Ile ndogo nililipa shilingi 800 baada ya mazungumzo mafupi. Alianza na 1,000, akapunguza kwa sababu ya betri. Santuri ya pili ilikuwa ule mkusanyiko wa Wamarekani, shilingi 1,500, na hapa nina lalamiko. Pale kibandani tuliusikiliza upande wa kwanza tu, ukawa safi. Nilipofika nyumbani Nakuru usiku nikageuza, na wimbo wa tatu wa upande wa pili unaruka mahali pamoja mfululizo. Niliutazama chini ya taa ya kichwani ninayotumia kazini: kuna tone la gundi, dogo kuliko punje ya mtama, limekauka juu ya mifereji. Ni gundi ileile ya bahasha za kaki. Nilimpigia simu Jumatatu asubuhi. Hakubisha hata kidogo. Aliniuliza ni upande gani, akanyamaza, akasema, "Pole fundi, hiyo ni mkono wangu." Akaniambia nikirudi nichague nyingine ya bei hiyo au anirudishie pesa kwa simu saa hiyohiyo. Nimechagua kusubiri.

Ukienda, sikiliza pande zote mbili kabla ya kulipa; hatakukataza. Tazama swichi ya kasi. Nenda kabla ya saa sita, maana mchana jua linaingia upande wa kreti za mbele. Na usiogope kumuuliza hata santuri usiyoijua, atakupigia.

Mteja wangu mwingine ana safari ya Kisumu wiki ijayo. Nimempa mkanda mpya wa mota nilioupima kwa uzi, na karatasi mbili zilizoandikwa kwa kalamu nene, moja GEREJI, nyingine POSTI-PANKI.