Jitu la mitambo sita, kwa macho ya opareta wa kijiko

Siku ya kwanza jitu, mdoli wa plastiki wa mitambo sita inayojigeuza roboti na kuungana, lilianguka mara nne. Mara ya nne lilipiga kifudifudi kwenye sakafu, mkono wa kulia ukachomoka ukaenda kuishia chini ya kabati, na mwanangu wa miaka sita akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelisukuma. Sikulisukuma. Nilikuwa nakunywa chai.

Mimi ni opareta wa kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia udongo, huu mwaka wa kumi na moja. Nimelima mitaro, nimepakia vifusi, nimekaa kwa muda kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani, ile ya kilomita 50 tuliyoila vumbi miaka mingi kabla haijaanza kuwekwa lami. Kwa hiyo mtu akinionyesha kijiko, hata cha plastiki, mkono wangu unakwenda kwenye bumu, ule mkono wake mkubwa, kabla macho hayajafika kwenye bei. Ndivyo nilivyonaswa.

Duka lenyewe liko Ngamiani, hapa Tanga mjini, upande wa barabara za namba, siyo mbali na Barabara ya 12. Sanduku lilikuwa limening'inizwa juu, kati ya mabegi ya shule na mipira, lina dirisha la nailoni, ndani mitambo sita ya njano imepangwa kama samaki kwenye sinia. Juu pamechorwa jitu limesimama kati ya maghorofa yanayowaka moto. Nikauliza bei.

"Elfu sitini na tano, shekhe wangu. Zimo sita humo, gawa mwenyewe."

Nikagawa. Ikaja kama elfu kumi na mia nane kwa mtambo mmoja, na kusema kweli hilo si baya, maana gari la plastiki la kawaida pale pale lilikuwa elfu nane na halijigeuzi kuwa kitu chochote. Nikamwambia arobaini. Akacheka, akashika kifua. Tukakutana kwenye arobaini na nane, akanitilia na maputo mawili ya bure. Mke wangu alipoiona ile risiti aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo leo umejinunulia wewe au umemnunulia mtoto?" Sikujibu, na mpaka leo sijajibu.

Kwenye kambi yetu ya zamani palikuwa na kijana mmoja wa upimaji, mtu wa kukusanya roboti hizi tangu utoto. Nilipomtumia picha alijua mara moja nakala yangu imeigwa wapi. Akanipa darsa la nusu saa. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilianza kuuza roboti zinazojigeuza kwa jina la Transformers mwaka 1984, nyingi zikiwa zimeundwa kwanza Japani na kampuni ya Takara. Mwaka 1985 likaja kundi la mitambo ya ujenzi linaloitwa Constructicons, rangi ya kijani na zambarau, na hilo ndilo lililokuwa la kwanza katika safu hiyo kuungana likawa jitu moja, Devastator. Mitambo ilikuwa sita: loda, kreni, katapila, kijiko, tipa na gari la zege. Ungeweza kununua mmoja mmoja mpaka utimize jitu lako. Mwaka 2015 walitoa jingine kubwa la sentimita 46, na huyo kijana analo, amelifungia kwenye kabati la kioo, watoto wa dada yake hawaruhusiwi hata kulipumulia.

La kwangu halina undugu wa halali na hayo. Kwenye sanduku kuna jina ambalo silifahamu na sitalitaja, karatasi ya maelekezo ina picha tupu na herufi za Kichina, na mitambo ni ile ile sita ila imepakwa njano. Mimi njano naipenda zaidi. Sijawahi kuendesha mtambo wa zambarau.

Sasa nianze na kijiko, kwa sababu hapo ndipo nina haki ya kusema. Kibini, chumba cha opareta, inazunguka duara zima, kama inavyotakiwa. Bumu linapanda na kushuka, stiki, mkono mdogo wa mbele, inakunjuka na kukunjika, baketi inafunga na kufungua, na kila kiungo kinajitegemea. Midoli mingi ya vijiko unayoiona sokoni imeunganisha bumu na stiki kipande kimoja, mtoto anabaki anachimba kama anayekoroga uji. Hapa aliyechora alikitazama kijiko cha kweli. Minyororo haitembei, ni plastiki iliyochongwa tu, chini kuna vigurudumu vinne vya kujificha. Hilo nimelisamehe.

Jioni moja nilimketisha mwanangu kwenye kigoda, nikampa vijiti viwili vya mishikaki vilivyokatwa ncha, kimoja kila mkono. Nikamwambia hizo ndizo liva zako, mimi ndiye mtambo. Liva ya kushoto: ukiipeleka pembeni kibini inazunguka, ukiivuta kwako stiki inakuja. Ya kulia: ukiivuta kwako bumu linapanda, ukiipeleka pembeni baketi inakunja au kufungua. Yeye akawa anasukuma vijiti, mimi nasogeza kijiko cha plastiki kwa vidole kufuata amri zake, tunapakia mchele kwenye tipa. Mara tatu za mwanzo alimwaga mchele wote juu ya kichwa cha tipa, kosa lile lile nililolifanya mimi siku yangu ya kwanza na mchanga wa kweli, na dereva wa tipa hakucheka. Mara ya tano akaniambia, "Baba, inua kwanza ndiyo uzungushe." Elfu arobaini na nane yangu ilirudi hapo hapo. Mchele mke wangu aliuosha, yakaisha.

Katapila lina bledi, bamba la kusukumia udongo, inayopanda na kushuka, na nyuma lina meno ya kuchimbua udongo mgumu, kitu ambacho sikukitegemea. Tipa linainua bodi. Gari la zege pipa lake linazunguka kwa mkono huku likitoa mlio wa krr-krr, pande zote mbili, na pande hizo mbili zina maana, maana gari la kweli likizungusha huku linachanganya na likizungusha kule linatapika zege. Nilimweleza mwanangu, sasa kila zege likichelewa "kumwagwa" anapiga kelele kwamba litagandia ndani. Loda ni loda.

Kreni ndiyo iliyonikera. Ina mkono mrefu, ina ndoana iliyofungwa kwa uzi, uzi unavutwa kwa kagurudumu ka pembeni, vizuri kabisa. Lakini haina miguu ya pembeni. Kreni ya gari hainyanyui hata gunia la saruji bila kutoa miguu na kuikita kwenye mbao, la sivyo mzigo unaivuta yenyewe. Hii ukiitundika betri ya tochi inabinuka mbele. Mtu aliyekumbuka meno ya nyuma ya katapila amesahauje miguu ya kreni?

Kuvigeuza kimoja kimoja kuwa roboti si kazi. Vingi ni hatua sita au saba: vuta, pindua, kunja, kichwa kinachomoza. Mwanangu alimaliza vinne bila kutazama karatasi. Roboti zenyewe ni za wastani, zina nyuso zile zile mbili zilizorudiwa mara tatu, na mikono ya loda haikunji kiwiko. Yeye haikumsumbua. Amezipa majina: tipa ni Mzee Kifusi, gari la zege ni Bwana Uji, kijiko ni Baba. Katapila ni Bibi, kwa sababu bibi yake akiingia jikoni kila mtu anasogea.

Tatizo ni kuliunganisha jitu. Tipa linakuwa kiuno, kreni inakaa juu yake inakuwa kifua na kichwa, loda na gari la zege ni miguu, kijiko mkono wa kulia, katapila mkono wa kushoto. Kichwani mpango huo unapendeza. Nilipima kwa futi kamba: sentimita 31 kutoka sakafuni hadi utosini. Lakini tazama uzito umekaa wapi. Kreni na tipa ni vipande vizito kuliko vyote, viko juu, na miguu iliyobeba imesimama kwenye matairi. Matairi yanayozunguka! Kwenye sakafu ya saruji jitu linateleza kama mtu aliyevaa kandambili kwenye ukoka wenye umande, na kwa kuwa kifua ni kreni isiyo na miguu ya pembeni, linakwenda mbele, siku zote mbele.

Nimelitafutia dawa. Baketi ya loda ukiifungua na kuilaza mbele ya mguu inakuwa kama vidole, inashika. Upande wa gari la zege hakuna kitu cha kufungua, kwa hiyo nimeweka ganda la kiberiti chini ya tairi la mbele. Na bumu la kijiko likunje kabisa, usilinyooshe kwenda mbele hata kama picha ya sanduku imelinyoosha. Hivyo linasimama. Kwenye mkeka linasimama vizuri zaidi, na kwenye mchanga wa uani ndiko linakopenda.

Siku ya tatu pini ya bega la kulia ilikatika. Pini hiyo ni ya plastiki, unene wake kama njiti ya kiberiti, na inabeba kijiko kizima. Nikarudi dukani na jitu kwenye mfuko wa rambo. Muuzaji akalitazama, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Shekhe, hii ni ya kuchezea."

"Ndiyo, imechezewa."

"Mali ikishatoka hairudi, imeandikwa hapo," akanionyesha nyuma ya risiti. Kweli imeandikwa, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi. Hakuwa mkorofi, akaniuliza kama nataka kichupa cha supagluu, kwa elfu moja. Hapo ndipo nilipoona kuwa si mimi wa kwanza.

Supagluu haisaidii, niwaambie mapema. Inashika siku moja, kisha inakatika pale pale na uso wa plastiki unabaki mweupe kama umepakwa chokaa. Nilichofanya ni kwenda kwa fundi baiskeli wa mtaani. Mji wetu hata ukikosa vingine, spoki haikosekani. Akanipa kipande cha spoki iliyokatika, bure. Nikakishika kwa koleo, nikakipasha kwenye mkaa mpaka ncha ikawa nyekundu, nikakipenyeza polepole kwenye shina la pini iliyokatika hadi upande wa pili. Kikatoboa, moshi ukatoka kidogo wenye harufu mbaya (fanyeni nje, tafadhali, na watoto wakae mbali). Kilipopoa nikakata kilichozidi, nikakunja ncha zote mbili. Nikarudia bega la kushoto kabla halijakatika. Sasa mikono haichomoki tena, na kijiko kinaweza bado kutoka kikafanya kazi yake kwa kunyoosha ncha moja na kuvuta spoki nje. Mwanangu anaiita "upasuaji".

Neno moja kwa wenye watoto wadogo. Ngumi za jitu ni vipande vya peke yake, vinachomekwa mwisho, na kila kimoja kinaenea mdomoni mwa mtoto wa miaka miwili. Najua kwa sababu wa kwangu wa mwisho ana miaka miwili. Niliitoa kwa kidole, alinung'unika, alhamdulillah haikufika kooni. Sasa ngumi zinakaa kwenye kopo la kahawa juu ya kabati na jitu linatembea bila viganja. Yule kijana wa upimaji aliniambia hata yale ya 1985 yalikuwa na vipande vya pembeni vya namna hiyo, na ndivyo vilivyokuwa vikipotea kwanza.

Kwa hiyo ninunue nisinunue? Kama mtoto wako anataka jitu la kusimama kwenye rafu, hapana, utamnunulia kilio. Kama ni mtoto wa kupiga magoti mchangani na kuunguruma kwa mdomo, nunua, usilipe zaidi ya elfu hamsini, na andaa spoki. Wa kwangu ameacha kuliunganisha siku za kazi. Mitambo yote sita iko uani sasa, imechimba mtaro kutoka kwenye bomba hadi kwenye mpapai. Jitu ni la Ijumaa, baada ya swala, baba akiwepo.

Limebaki deni moja. Mwanangu anaona mitambo ikipita kwenda Chongoleani, anaijua yote kwa sura, na wiki iliyopita aliniuliza greda, ule mtambo wa kusawazisha barabara, liko wapi. Nikatazama sanduku, nikageuza karatasi ya Kichina. Greda halimo. Barabara gani imewahi kujengwa bila greda? Kama kuna mtu ameona seti yenye greda hapa Tanga mjini, aniambie ni duka gani, maana mtoto keshalitengea nafasi pembeni ya mpapai na hataki Bibi aegeshwe hapo.