Kompresa ndogo ya petroli ya kujazia mitungi ya kuzamia: miezi kumi na minne nikiwa nayo Tanga

Kazi yangu iko chini ya maji. Nafunga maboya, nakata nyavu zilizojisokota kwenye propela, nakagua matumbo ya boti pale Raskazone na kwingineko ndani ya ghuba. Kwa miaka mingi kitu kilichokuwa kikinikwamisha ni hewa. Mitungi yangu mitano ikiisha, ama niipeleke Dar es Salaam, safari ya kilometa kama 350, ama niteremke Pangani, nivuke kwa panton hadi upande wa Ushongo nikaombe kwa wenye mashine, nako wageni wao ndio wa kwanza. Kuipeleka mitupu si tabu. Kurudi nayo imejaa, kila mmoja una baa 200 (baa ni kipimo cha presha, moja ni kama presha ya hewa hii ya kawaida), makondakta wengi wanakataa kuipakia, na wana haki.

Mwaka jana tukachanga watu wanne, milioni sita, tukanunua kompresa iliyotumika. Ni ya kubebeka, injini ya petroli, watu wawili wanainyanyua. Uwezo wake ni lita 100 za hewa kwa dakika. Mtungi wa lita 12 uliobakiwa na baa 50 unahitaji lita 1,800 za hewa (12 mara 150) kufika 200, kwa hiyo kwa hesabu ni dakika 18. Mimi huchukua 25, maana kila baada ya dakika kumi hivi nafungua vali za kutoa maji yanayojikusanya, na sipendi kuuharakisha mtungi. Ukijazwa haraka unapata moto, geji inakuonyesha 200, ukipoa unakuta 180. Kwa mashine ya ukubwa huu, kasi hiyo nimeridhika nayo.

Hapa mtaani kila mtu anaiita mitungi ya oksijeni. Ndani mna hewa hii hii tunayovuta, oksijeni asilimia 21 tu, iliyokandamizwa. Nalisema kwa sababu kijana mmoja mvuvi aliniuliza kwa nini nahangaika wakati mafundi wa kuchomelea wana oksijeni. Mdogo wangu, oksijeni tupu ukishuka nayo zaidi ya mita sita inageuka sumu, inaweza kukushika degedege ukiwa majini na mdomo ukaachia regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa. Na ile mashine ya upepo wa matairi inaishia baa nane au kumi. Hakuna njia ya mkato hapo.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Mwezi wa pili tulikuwa tunajaza alfajiri ufukweni. Umande unavuma kutoka bara, kwa hiyo nikaweka mpira wa kuvutia hewa upande wa bara na ekzosi ikatazama baharini. Sawasawa kabisa. Mitungi miwili ikajaa. Tukiwa kwenye wa tatu jua limeshapanda, umande ukafa, kaskazi ikaanza kupiga kutoka baharini, na mimi nimeinama natazama geji. Moshi wote ukawa unarudi kwenye mpira. Sikugundua.

Mtungi ule wa tatu niliuvaa mimi. Haukuwa na harufu yoyote. Kwenye mita 18 kichwa kikaanza kugonga, kisha kichefuchefu, nikamshika mwenzangu mkono nikamwonyesha juu. Tulipanda taratibu, nikalala ndani ya boti hadi tukafika nchi kavu. Gesi ya moshi, kaboni monoksaidi, haina harufu wala ladha, na filta ya kawaida ya mashine ndogo haiizuii. Kiasi ambacho juu ya maji usingekihisi, kwenye mita 20 mwili unakipokea mara tatu, kwa sababu presha huko ni mara tatu. Mtungi ule niliumwaga wote siku ile ile, na ile miwili ya mwanzo pia.

Tangu siku hiyo mpira wa kuvutia hewa umefungwa juu ya mti mrefu, mbali na injini, na kichwani pana kitambaa chepesi cha kuonyesha upepo. Mtu mmoja kazi yake ni kukitazama tu. Kikigeuka, injini inazimwa kwanza, maneno baadaye.

Filta ndiyo gharama ambayo muuzaji hakutueleza. Ndani yake mna chembe za kunyonya unyevu na mkaa maalumu wa kukamata mvuke wa oili. Saa zilizoandikwa kwenye kitabu ni za nchi ya baridi, na kadiri joto na unyevu vinavyopanda ndivyo filta inavyochoka mapema. Kwa Tanga ya Januari mimi naitoa nikifika nusu ya saa hizo. Dukani hapa sijaipata, naagiza kwa watu.

Oili nayo. Mashine ilipoanza kupungukiwa oili nilikwenda kwa fundi ninayemheshimu sana, Ngamiani.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Hiyo weka oili ya gari, injini ni injini.”

Nilimweleza kwa adabu kwamba upande wa injini sawa, lakini upande wa pampu ile oili inakutana na hewa nitakayoivuta, na ikipata moto hutoa mvuke wenye sumu. Lazima iwe oili ya kompresa za hewa ya kupumua. Akatikisa kichwa, akanisaidia kubadilisha pete za pistoni, kazi safi, haivuji mpaka leo.

Ningeinunua tena? Ndiyo, tukiwa watu wanne wenye kazi ya kila wiki. Anayezamia mara moja kwa mwezi, bora aendelee kwenda Ushongo. Na mitungi bado naipeleka Dar kila baada ya miaka mitano kupimwa kwa presha ya maji, tarehe inagongwa begani. Usio na tarehe siujazi, hata uje na ndugu yangu.

Sasa tunachangia mtungi mkubwa wa lita 50 wa akiba. Ukiwa na baa 200, ukiunganishwa na mtungi wa lita 12 uliobakiwa na 50, yote miwili inasimama kwenye baa 171 bila kuwasha injini. Tutaujaza usiku, umande ukiwa unavuma bila kugeuka.