Uzoefu wangu na kifaa cha sauti cha kufukuza panya kwenye gari, baada ya miezi mitano ya kukijaribu

Gari langu hukaa chini ya banda la bati nyuma ya nyumba, Bigwa, mjini Morogoro, na kazi yangu hunitoa nyumbani kwa majuma mawili au matatu bila gari hilo kuguswa. Mwezi Julai nilirejea baada ya siku 19, nikawasha injini, ikaanza kutetemeka na kukosa nguvu, na taa ya injini ikabaki inawaka kwenye dashibodi. Fundi umeme wa magari niliyemwita alifungua boneti akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: waya za nozeli mbili zilikuwa zimetafunwa hadi shaba ikaonekana, sponji iliyobandikwa chini ya boneti ilikuwa imenyofolewa, na pembeni ya betri palikuwa na rundo la majani makavu, maganda ya karanga na mavi ya panya. Nililipa shilingi 260,000 kwa waya, plagi za nozeli na kazi yake. Wakala wa bima nilipompigia simu alinisomea kifungu cha mkataba wangu kinachosema kuwa uharibifu wa wadudu na wanyama waharibifu haulipwi, kwa hiyo fedha yote ilitoka mfukoni mwangu.

Juma hilohilo nilinunua kifaa ambacho ndicho hasa ninachotaka kukieleza. Ni kisanduku cha plastiki chenye ukubwa wa kiganja, kinachofungwa ndani ya boneti na kuunganishwa na betri ya volti 12 kwa waya mwekundu na mweusi. Hutoa sauti ya juu ambayo sikio la binadamu halisikii, pamoja na mwanga unaomwekamweka, na hujizima injini inapowashwa. Niliuziwa kwa shilingi 48,000. Muuzaji aliniambia, "Dada, ukifunga hiki, panya hutawaona tena," na sina sababu ya kuamini kwamba alikusudia kunidanganya, kwa maana wateja wake wengi walikuwa wamemrudia na kumshukuru. Shukrani hizo zilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilinichukua miezi miwili kuielewa.

Nilikuwa likizo mwezi wote wa Agosti, hivyo niliamua kukipima kifaa kwa utaratibu badala ya kukisia. Kila jioni nilinyunyiza unga wa ngano, safu nyembamba sana, juu ya kifuniko cha plastiki cha injini na juu ya kipande cha ubao nilichokilaza karibu na betri, na kila asubuhi nilisoma nyayo. Unga hauna gharama na hausemi uongo. Panya akipita huacha alama za vidole na mara nyingi mstari wa mkia katikati. Usiku wa kwanza hadi wa nne hapakuwa na alama hata moja, nami nilifurahi kiasi cha kumtumia ujumbe dada yangu aliyeko Iringa nikimshauri anunue kifaa kama hicho. Usiku wa tano zilionekana nyayo chache ukingoni mwa ubao. Usiku wa nane zilikuwa zimetapakaa kila mahali, na asubuhi ya siku ya 11 nilikuta majani mapya yamepangwa sentimeta chache tu kutoka kwenye kifaa, huku taa yake ikiendelea kumweka kama kawaida.

Maelezo niliyapata kwa jirani yangu, mzee mstaafu ambaye kwa miaka mingi alitega panya kwa ajili ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chuo ambacho kimewachunguza panya shamba wa Morogoro kwa miongo kadhaa. Nilimwamkia, nikampelekea panya mmoja niliyemkuta amekufa kwenye pipa la maji. Alimgeuza kwa kijiti akasema, "Huyu si wa shamba, mwanangu. Tazama mkia ulivyopita urefu wa mwili, na masikio haya makubwa. Huyu ni wa darini, hodari wa kupanda. Naye haamini kitu kipya. Kifaa chako amekiogopa kama ambavyo angeogopa hata kopo tupu."

Maneno hayo ya mwisho niliyachukua jinsi yalivyo. Nilikiondoa kifaa, nikaacha majuma mawili yapite mpaka nyayo zikawa zinaonekana kila usiku, kisha nikafunga kopo tupu la maziwa ya unga mahali palepale kwa kamba. Kwa usiku tatu mfululizo hapakuwa na nyayo. Usiku wa nne walirudi. Kopo lisilo na waya, sauti wala taa liliwazuia panya kwa muda unaokaribiana na ule wa kifaa cha shilingi 48,000, na tangu siku hiyo sifa nyingi za vifaa hivi nimezielewa kwa namna nyingine: mtu hufunga kifaa, hutazama kwa siku tatu au nne, huona kweli panya wametoweka, na hutoa ushuhuda wake akiwa na furaha kabla panya hawajazoea.

Kuna na upande wa sauti yenyewe. Mawimbi ya sauti iliyozidi kilohezi 20, yaani ile ya juu ambayo sikio letu halisikii, hufifia haraka kadiri yanavyosafiri, wala hayapenyi vitu vigumu, na ndani ya boneti kila kitu ni kigumu: injini, betri, boksi la kisafisha hewa. Nyuma ya kila kimoja kuna pembe ambayo sauti haifiki, na panya hutafuta pembe za namna hiyo hata bila kufukuzwa. Jambo hili si geni. Mwaka 2001 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara, FTC, iliwaandikia barua watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa vya sauti vya kufukuza wadudu na panya, ikiwaonya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Zaidi ya miaka 20 baadaye, madai yaleyale yamechapishwa kwenye boksi nililonunua, na jambo hilo linaniudhi, kwa sababu wanaonunua ni watu ambao tayari wameshatoa fedha nyingi kwa fundi.

Nilijaribu pia mafuta ya mnanaa yaliyodondoshwa kwenye pamba. Harufu ilikuwa kali siku ya kwanza na siku ya tatu haikuwepo, kwa kuwa joto la injini huyapeperusha, na mtu anayesafiri hawezi kuyaongeza kila siku. Utepe wenye ukali wa pilipili, wa aina ambayo Honda huuza kwa ajili ya waya za magari, naupa heshima zaidi: nilizungushia waya zilizotengenezwa upya na hazijaguswa tena. Hata hivyo unalinda kile tu ulichokifunika, ni ghali, na haufai kuwekwa karibu na bomba la moshi.

Sumu niliikataa tangu mwanzo na bado naikataa. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda, na panya aliyezila huishi siku kadhaa kabla ya kufa. Katika siku hizo huweza kuingia ndani ya mfumo wa hewa wa gari na kufia humo, au kuliwa na paka au bundi, nao wakadhurika. Bundi tunamwogopa na kumpiga mawe bila sababu, na usiku hula panya wengi kuliko mtego wangu wowote.

Kilichobadilisha hali kilikuwa kazi ya mikono, na kilianzia nje ya gari. Chumba cha stoo kinachopakana na banda kilikuwa na magunia 14 ya mahindi. Nilikuwa nimeyahifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, ambayo ni mizuri sana dhidi ya dumuzi, lakini panya huitoboa kwa usiku mmoja. Niliyahamishia katika vihenge vya chuma, nikakata tawi la mwembe lililogusa bati, na nikaanza kuegesha gari mita sita kutoka ukutani, boneti ikiwa wazi usiku ninapokuwa nyumbani, kwa kuwa panya anatafuta giza na joto, na boneti iliyofunguliwa haimpi hifadhi.

Kisha mitego. Nilinunua sita ya kubana kwa shilingi 4,000 kila mmoja, na kwa maelekezo ya mzee nikaiweka imekingama na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, maana panya hupita kandokando ya kuta na si katikati ya sakafu. Kwa usiku tatu za kwanza niliweka dagaa bila kutega, ili waizoee, na usiku wa nne nikatega. Nilinasa panya 11 katika usiku tisa. Woga uleule uliofanya kifaa kionekane kinafanya kazi ndio uliokuwa umeharibu majaribio yangu ya zamani ya mitego, ambayo nilikuwa nikiitega siku ya kwanza na kuiondoa siku ya tatu nikidhani haifai.

Kwenye gari lenyewe fundi alifunga wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6 kwenye mdomo wa bomba linalovuta hewa ya injini, na mwingine kwenye tundu la hewa ya ndani chini ya kioo cha mbele. Alihakikisha haukaribii feni wala mkanda. Gharama ilikuwa shilingi 35,000. Tulipofungua chujio la hewa ya ndani tulikuta kiota cha zamani, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka: vaa glavu na barakoa, lowesha kila kitu kwa maji yenye klorini, subiri, ndipo uondoe, wala usifagie kikiwa kikavu. Mkojo wa panya unaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa ulioua watu watatu mkoani Lindi mwaka 2022.

Kwa hiyo, kifaa cha sauti nakipa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni kwa ajili ya plastiki yake imara na waya zake zilizofungwa vizuri. Wavu naupa tano. Mitego naipa nne, kwa kuwa inahitaji mtu wa kuikagua kila asubuhi, na ninaposafiri hufanya hivyo kijana wa jirani. Tangu katikati ya Oktoba nimesafiri mara mbili, siku 15 na siku 20, na mara zote gari liliwaka bila tatizo. Nyayo nimeziona usiku mmoja tu, mwanzoni mwa Desemba, baada ya mvua kubwa. Zilipita juu ya ubao, zikafika kwenye wavu na kurudi zilikotoka. Dada yangu wa Iringa nilimpigia simu kumwomba radhi, na juma lililopita alinitumia picha ya wavu wake.