Mama aje kutembea au ahamie kabisa?
Mi niko Houston, Marekani, mama yuko Tanga ana miaka 71, na hili jambo linaninyima usingizi kweli. Viza ya kutembea mara nyingi akiingia anapewa mpaka miezi 6, anakaa na wajukuu halafu anarudi kwake, ila akiugua huku bila bima hiyo bili ni balaa. Grinkadi nayo, yaani ruhusa ya kuishi huku moja kwa moja, ukiwa raia wa huku na umefika miaka 21 unamwombea mzazi bila kusubiri kota (idadi ya viza inayowekwa kila mwaka), lakini Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haipati mpaka aishi huku miaka 5 mfululizo, tena akirudi nyumbani akapitisha mwaka bila kibali cha kurudi huku anaweza kuipoteza hiyo grinkadi. Na mchana kutwa sisi tuko kazini, yeye na tivii tu, jirani wa kumpigia hodi hakuna, hilo ndo linaniuma zaidi. Naona aje kutembea kwanza, bima ya safari tukate kabla hajapanda ndege.