Redio ya kunasa SSB: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ulizia redio ya SSB (njia ya kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi) Kariakoo au Luthuli Avenue, utaonyeshwa yoyote iliyoandikwa SW, yaani masafa mafupi. Nyingi kati ya hizo hazinasi SSB hata kidogo.

Kituo cha AM hurusha sauti pamoja na wimbi la kuibeba, na redio ya kawaida hulitegemea wimbi hilo kutoa sauti na kujua ipandishe au ishushe nguvu kiasi gani. Marubani kwenye 11300 kHz, meli, na wapenda redio kwenye 7 MHz hawarushi wimbi hilo. Limezimwa, na upande mmoja wa sauti umekatwa, ili nguvu yote iende kwenye upande uliobaki. Basi redio yako lazima iunde wimbi la kubeba yenyewe, na iliweke palepale lilipozimwa. Likipotoka kwa Hz 50 bado unaelewa. Likipotoka mia kadhaa, anayeongea anasikika kama bata.

Kwa hiyo kabla ya kutazama umbo au ukubwa wa spika, uliza redio inasogea kwenye masafa kwa hatua ndogo kiasi gani. Hatua za kHz 5 hazifai. Unataka Hz 10. Uliza pia kichujio, kinachoamua upana wa masafa yanayopita: sauti ya SSB inatosha kwenye kHz 3 au pungufu, na kichujio kipana cha AM kitakuletea vituo jirani vyote. Hakikisha USB (upande wa juu wa wimbi, si tundu la chaja) na LSB (upande wa chini) zinachaguliwa kila moja peke yake. Wapenda redio hutumia LSB chini ya 10 MHz na USB juu yake. Ndege na meli ni USB.

1. Tecsun PL-330. Kwa anayeanza, sioni sababu ya kununua nyingine. Inaenea mfukoni, inasogea kwa Hz 10 kwenye SSB, upana wa kichujio unauchagua mwenyewe, na betri yake ni BL-5C ambayo kila duka la simu inayo. Ina tundu la antena ya nje pia. Nyosha waya wa mita kumi hivi dirishani, mbali na taa za LED na chaja, uone tofauti.

2. RTL-SDR Blog V4, kijidude cha kuchomeka kwenye kompyuta kikaigeuza redio, kama una kompyuta. Unaona masafa yote kwenye kioo na unapanga kichujio kwa kipanya. Osileta yake, yaani sehemu inayounda wimbi ndani ya redio, hutunza usahihi wa sehemu moja kwa milioni, yaani takriban Hz 14 ukiwa kwenye 14 MHz. Vijidude vya bei ya chini vinavyofanana nayo huhama kadiri vinavyopata moto, na SSB haivumilii hilo. Naipa nafasi ya pili kwa sababu tu umeme ukikatika usiku, PL-330 inaendelea.

3. XHDATA D-808. Inakaribiana sana na ya kwanza, na inanasa pia mawasiliano ya ndege ya VHF (masafa ya juu sana). Ukiishi karibu na uwanja wa ndege, ipandishe juu.

4. Sony ICF-SW7600GR ya mtumba. Imeundwa vizuri mno, lakini haitengenezwi tena. Inunue tu ukiijaribu mkononi.

5. Tecsun PL-600. SSB yake ni gurudumu moja tu la kurekebisha, bila USB na LSB kutenganishwa. Inanasa, ila inachosha vidole.

Jaribio la dukani ni hili, na muuzaji mwema hatakukatalia. Tafuta kituo cha AM chenye nguvu, kisha washa USB. Utasikia mluzi; sogeza polepole mpaka uzame kabisa. Hamia LSB: mluzi usirudi, au urudi kidogo sana. Iache dakika kumi ikiwa imewashwa. Mluzi ukianza kupanda wenyewe bila wewe kugusa kitu, osileta inahama. Mrudishie redio yake.