Uzoefu wangu na rangi za mfumo wa iOS: namba nimezifuta zote

Natengeneza programu ya simu ya madereva wa safari hapa Arusha: majina ya wageni, hoteli wanakochukuliwa, saa ya kuondoka. Nilitaka vitufe vyangu viwe na bluu ileile ya iPhone, ile mtu aliyoizoea kwenye Mipangilio.

Nikapiga picha ya skrini, nikaisoma rangi yake kwenye kompyuta. Nikapata nyekundu 52, kijani 120, bluu 246, nikaziandika hivyo hivyo. Dereva mmoja wa Sakina anayenijaribia akanipigia: "Mdogo wangu, hiki kitufe kimezimwa au kinafanya kazi?" Kilikuwa kinafanya kazi, ila kimepauka. Iliniuma, kwa sababu anakitegemea kazini.

Kumbe picha ile ilihifadhiwa kwa wigo mpana wa rangi, Display P3, na msimbo wangu ukazisoma namba kama sRGB, yaani wigo wa kawaida ulio mwembamba zaidi. Kwa sRGB bluu hiyohiyo huandikwa 0, 122, 255. Rangi moja, namba mbili! Wiki nzima nilikuwa nalaumu skrini.

Nikasahihisha, lakini haikutosha. Saa kumi na moja alfajiri dereva anasubiri wageni karibu na Mnara wa Saa, simu iko kwenye hali ya giza, programu yangu inammulika usoni kwa weupe. Tangu iOS 13 ya mwaka 2019 kila rangi ya mfumo, yaani rangi ambayo iOS yenyewe huipatia programu kwa jina, ina sura ya mwanga na ya giza. Bluu ile gizani ilikuwa 10, 132, 255. Aliyewasha utofautishaji mkubwa kwenye Mipangilio hupewa nyingine tena. Na Apple wenyewe wanaonya kwamba thamani hizi hubadilika toleo kwa toleo.

Sasa naandika majina ya rangi tu: systemBlue kwa kitufe, label kwa maandishi, systemBackground kwa usuli. Simu inachagua yenyewe. Nimeridhika sana, na mtengenezaji yeyote anayeanza ningemwambia aanzie hapa.

Ila pimeni usomekaji. Bluu ya 0, 122, 255 juu ya nyeupe hutoa uwiano wa utofautishaji wa takriban 4:1, ilhali WCAG, mwongozo wa kufanya maudhui ya kidijitali yasomeke na watu wote, unataka 4.5:1 kwa maandishi madogo. Njano ndiyo haisomeki kabisa, sembuse jua la mchana paa la gari likiwa wazi. Kwa hiyo majina ya wageni nimeyaacha kwenye label, bluu inabaki kwenye kitufe.